Nyumba Isiyopikwa Wali

Mwezi Machi 2008, nikiwa na miezi mitano tu katika kazi ya kuhudumia wazee kwenye nyumba moja ya wazee mjini Ballarat, jimbo la Victoria, tuliambiwa kwamba tarehe 21 kila mfanyakazi aliyetoka nchi nyingine alete chakula cha kwao, kwa kuwa hiyo ndiyo siku ambayo Waaustralia huadhimisha kuishi pamoja kwa watu wa asili mbalimbali. Sikuhangaika kuchagua. Mimi ni mtoto wa Kariakoo, na kwetu mgeni wa heshima hupikiwa pilau. Niliamka usiku, nikakaanga vitunguu mpaka vikakolea rangi, nikatia bizari nzima, iliki na mdalasini, nikapalia makaa ya kuwazia tu juu ya mfuniko kwa sababu jiko lenyewe lilikuwa la umeme, na asubuhi nikaingia kazini nimekumbatia sufuria iliyofungwa kwa kanga.

Wazee wengi walionja kwa udadisi, na wawili wakaomba waongezwe. Nilipofika chumba cha mwisho, kwa mzee mpole ambaye hakuwahi kumpandishia mtu sauti, nilimwekea sahani mezani. Aliitazama kwa muda, kisha akaisukuma taratibu kwa mgongo wa mkono mpaka ikafika ukingoni mwa meza, akageukia dirishani. Hakusema neno. Nilipoinama kuiondoa niliona kidevu kinamtetemeka.

Niliumia sana. Kumrudishia mtu chakula alichokesha akikipika ni dharau kubwa kwetu, na mtu aliye ugenini huwa mwepesi wa kuhisi kwamba amedharauliwa. Nilijiambia kwamba kumbe hata huyu mzee mwenye adabu rangi ya mkono uliopika inamkera. Muuguzi wa zamu, mwenyeji wa mji ule, alinikuta jikoni nikiosha sahani kwa hasira, akaniuliza kama nimesoma jalada lake. Nilikuwa nimesoma dawa zake, vyakula vinavyomdhuru na namna ya kumgeuza kitandani. Mstari mmoja wa ukurasa wa kwanza nilikuwa nimeupita kama mtu anavyopita tarehe ya kuzaliwa: mateka wa vita, 1942 hadi 1945.

Singapore ilipoangukia mikononi mwa Wajapani tarehe 15 Februari 1942, maelfu ya askari wa Australia walitekwa kwa mkupuo mmoja, na kwa jumla Waaustralia wapatao 22,000 waliingia utumwani mwa Japani katika vita vile. Zaidi ya 8,000 hawakurudi. Mzee wangu alikuwa miongoni mwa wale karibu 13,000 waliopelekwa kujenga reli ya kilomita 415 kati ya Thailand na Burma, ambako zaidi ya 2,700 kati yao walifia msituni kwa kipindupindu, kuhara damu, vidonda na njaa, bila kuhesabu vibarua wa Kiasia waliokufa kwa makumi ya maelfu. Chakula chao kwa miaka mitatu na nusu kilikuwa wali mweupe, kidogo, mara nyingi wenye wadudu. Mchele uliokobolewa sana una vitamini B1 kidogo mno, na anayeushindia huo peke yake hupatwa na beriberi: miguu huvimba, moyo huchoka, na mtu huweza kufa akiwa ametoka kula. Kwa hiyo mimi, katika siku ya kuonyesha ukarimu, nilikuwa nimempelekea mzee wa miaka 87 kile kitu ambacho kiliwaua rafiki zake, tena kimerembwa kwa iliki.

Tangu siku ile nilianza kusoma majalada ya wazee kwa namna nyingine, na baada ya miaka kumi na moja ya kazi ile naweza kusema kwamba niliyoyajua kuhusu vita kuu na watu wa Australia niliyapata kitandani mwao na mezani mwao, na vitabu vilikuja baadaye kunipa tarehe.

Mkewe mzee huyo alikuja kila siku saa nne asubuhi na mkoba wake wa kufumia. Nilimwita Bibi, kwa sababu kumwita mtu wa umri wake kwa jina la kwanza, kama walivyofanya wenzangu wote, kulinishinda. Alicheka, akauliza maana yake, akalikubali. Kwa vipande, katika muda wa miezi mingi, alinisimulia kwamba mateka waliporudi mwishoni mwa 1945 jamaa zao walishauriwa wasiwaulize walichopitia. Wawape chakula kizuri, wawape kazi, na mambo yatajisahau yenyewe. Walioana mwaka 1947. Usiku wa tatu wa ndoa aliamka akakuta mikono ya mume wake iko shingoni mwake, naye amelala fofofo. Tangu hapo walilala vitanda viwili, na akijua kuwa ndoto imekuja aliinuka, akasimama mlangoni, akamwita kwa jina kutoka mbali mpaka azinduke, kwa maana kumgusa kulikuwa hatari. Alifanya hivyo kwa miaka zaidi ya sitini, na hakuna daftari lolote la serikali lililowahi kuandika kazi hiyo.

Alinifundisha nami nifanye vivyo hivyo. Sisi wa zamu ya usiku tulikuwa tukiingia vyumbani na tochi kila saa mbili kuangalia kama mtu anapumua, na hakuna aliyewaza kwamba kwa mzee aliyewahi kuhesabiwa usiku na walinzi, mwanga wa tochi usoni ni amri ya kusimama. Nikaanza kuzima tochi nje, nikasimama mlangoni na kusema polepole, «Babu, ni mimi, msichana wa Dar es Salaam.» Baada ya wiki mbili akaacha kurusha ngumi, na dawa yake ya usingizi ikapunguzwa.

Binti yao, aliyezaliwa mwaka 1950, alikuja siku za Jumapili. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba wali haukupikwa katika nyumba yao hata siku moja, na kwamba akiwa mtoto aliamini ndivyo nyumba zote zilivyo. Siku moja akiwa na umri wa miaka tisa alikula wali wa maziwa na sukari kwa rafiki yake, akarudi nyumbani anausifia. Mama yake, ambaye hakuwahi kumchapa, alimpiga kofi, kisha akaketi kwenye ngazi ya nyuma akalia kuliko yeye aliyepigwa. Hakuna aliyeeleza kitu. Ilimchukua zaidi ya miaka ishirini kuelewa kofi lile, kwa kuwa mateka wengi wa zamani walianza kusema hadharani katika miaka ya 1980, na hata hapo baba yake alisema machache, tena akiwaambia watu wa nje, wala si wa nyumbani.

Nimekaa na habari hiyo ya kofi kwa muda mrefu. Mtoto ambaye hakuwahi kuona bunduki alijifunza kwamba kuna neno ambalo likitajwa nyumba nzima inavunjika, na tangu utotoni akawa mtu wa kuchungulia uso wa baba kabla ya kusema chochote. Huyo hakuandikwa popote kuwa ameguswa na vita. Wapo wengi wa namna yake katika mji ule mmoja tu, wanawake na wanaume waliokwisha kustaafu, ambao ukiwauliza kuhusu wazazi wao hukuambia kwanza kwamba baba alikuwa mtu mzuri, halafu hunyamaza kidogo.

Vita vya kwanza vilikuwa mbali zaidi, lakini navyo nilivikuta vingali hai katika chumba cha pili kutoka mlangoni, kwa bibi mmoja aliyezaliwa mwaka 1913. Baba yake aliondoka 1916 akarudi 1919 akiwa na mapafu yaliyoungua kwa hewa ya sumu, na yeye mtoto wa miaka sita akamkimbia akilia kwamba kuna mtu mgeni chumbani kwa mama. Serikali ilikuwa na mpango wa kuwagawia askari waliorudi mashamba kwa mkopo, na baba huyo akapata kipande chake Mallee, kaskazini magharibi mwa jimbo, nchi ya mchanga na mvua za kubahatisha. Kama wengi wenzake, hakuwa mkulima. Shamba lilikuwa dogo mno kwa ardhi kavu kama ile, deni lilikua haraka kuliko ngano, na bei ya ngano ilipoporomoka mwaka 1930 wakafungasha. Bibi aliniambia kwamba kwa miaka yote hiyo aliyelima alikuwa mama yake. Baba aliketi kwenye kiti cha veranda akikohoa, na watoto walifunzwa kutofunga mlango kwa kishindo.

Mjomba wake, mdogo wa mama, hakurudi kabisa. Alitoweka Fromelles, kaskazini mwa Ufaransa, usiku wa tarehe 19 Julai 1916, ambapo katika muda usiozidi siku moja Waaustralia 5,533 waliuawa, walijeruhiwa au walitekwa. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na kwa kuwa kijana wa chini ya miaka 21 hakupokelewa jeshini bila ridhaa ya wazazi, aliyeweka saini ile karatasi alikuwa nyanya yake bibi huyu. Hapo pana jambo ambalo msomaji wa kwetu, anayejua namna wazee wetu walivyokusanywa kwa nguvu, huenda asilitambue haraka. Australia iliwauliza wananchi wake mara mbili, Oktoba 1916 na Desemba 1917, kama serikali iruhusiwe kuwalazimisha watu kwenda vitani ng'ambo, na mara zote mbili wakakataa. Kwa hiyo wote takriban 417,000 waliojiandikisha katika nchi isiyofikia watu milioni tano walifanya hivyo kwa hiari, na zaidi ya 60,000 walipokufa, familia zao hazikuwa na mtu wa kumlaumu kwa kuwachukua. Nyanya yule aliilaumu kalamu. Bibi alisema kwamba mpaka anakufa hakuandika tena jina lake. Akihitajika kuweka saini, alimwita binti yake.

Serikali ya Uingereza iliamua kwamba maiti zibaki zilikozikwa, hivyo familia nyingi za Australia hazikuona makaburi ya watu wao, maana safari ya meli hadi Ufaransa ilikuwa ya matajiri. Waliokuwa na kaburi linalojulikana waliruhusiwa kuandikisha maneno ya mwisho kwenye jiwe, yasiyozidi herufi 66, yakilipiwa kwa herufi. Nyanya hakuwa na jiwe la kuandikia. Alipewa sahani ya shaba yenye jina la mwanawe, ambayo watu wa wakati ule waliiita kwa kejeli senti ya marehemu, akaitundika nyuma ya mlango wa stoo. Na lango la mbele la nyumba halikufungwa komeo usiku hadi mwaka 1941, alipofariki. Watu wakimuuliza alisema ni kwa ajili ya paka.

Mwaka 2008 kaburi la halaiki liligunduliwa karibu na Fromelles, kwenye ukingo wa msitu, lenye miili 250 ambayo Wajerumani walikuwa wameizika baada ya pigano lile. Familia zikaombwa zitoe sampuli za vinasaba. Bibi, kwa kuwa ni mtoto wa dada, alifaa kabisa, na mimi ndiye niliyemshikia kijiti cha pamba akapangusa ndani ya shavu lake, akiwa na miaka 96. Akaniambia nimpake poda kwanza, kana kwamba mjomba angemwona. Majina ya kwanza yalipotangazwa mwaka 2010 la mjomba halikuwamo, na utambuzi wa wengine ukaendelea kwa miaka. Aliuliza kila Jumatatu mpaka Jumatatu ya mwisho.

Kila siku kwenda kazini basi langu lilipita chini ya tao kubwa na kuingia katika barabara yenye miti pande zote mbili, na kwa miezi sita nilidhani ni miti ya kivuli tu. Ni Barabara ya Heshima ya Ballarat, yenye urefu wa kilomita 22 na miti 3,801, iliyopandwa kati ya 1917 na 1919 kwa juhudi za wasichana wa kiwanda cha nguo cha Lucas, mti mmoja kwa kila mtu wa wilaya ile aliyejiandikisha, awe alikufa au alirudi. Kila mti una kibao cha jina. Siku nilipoelezwa hayo nilishuka vituo viwili kabla, nikatembea nikisoma vibao mpaka nikachelewa kazini.

Sitaficha kwamba nilikuwa na wivu. Babu wa babu yangu alichukuliwa Uluguru katika vita vile vile vya 1914 kubeba mizigo ya jeshi, na mtaa niliozaliwa umepata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi kama yeye, lakini hakuna anayejua alikozikwa, na sijawahi kuona mti wala kibao chenye jina lake. Hata meli ya Australia iliyoitwa Pioneer ilikuwapo kwenye delta ya Rufiji Julai 1915 wakati Waingereza walipoishambulia manowari ya Kijerumani Königsberg, na jambo hilo nilikuja kulisoma Ballarat, si shuleni kwetu. Nilipomweleza Bibi wa chumba cha pili kuhusu babu yangu, akafikiri, akasema kwamba baba yake naye alikuwa na mti, mzuri sana, nao haukumsaidia kukohoa.

Maneno hayo yalinigeuza macho. Waaustralia ni hodari wa kuandika majina. Karibu kila kijiji nilichopita kina mnara, na ndani ya jumba la kumbukumbu ya vita la Canberra ukuta wa majina una zaidi ya marehemu 103,000, ambao watu huchomeka maua mekundu ya popi ya karatasi pembeni mwa jina wanalolijua. Lakini kuandikwa jina ni jambo moja, na kuulizwa hali ni jambo jingine. Na katika nchi ile, kwa muda mrefu, hilo la kwanza lilitumika kama kisingizio cha kukwepa hilo la pili.

Tena si wote walioandikwa. Mwenzangu wa zamu, mwanamke wa asili ya nchi hiyo, alinipa habari ya ndugu watano wa ukoo wa Lovett, Wagunditjmara kutoka Lake Condah magharibi mwa jimbo hilo hilo la Victoria. Wote watano walipigana katika vita vya kwanza wakarudi salama, na wanne wakajiunga tena katika vya pili. Mmoja wao, Herbert, aliomba shamba la askari katika nchi ya mababu zake mwenyewe, akakataliwa, ilhali ardhi ya misheni ya Lake Condah ilikatwa ikagawiwa askari wazungu baada ya 1945. Leo jengo moja refu mjini Canberra lina jina la ukoo huo. Mwenzangu alisimulia haya akikunja shuka, kwa sauti ile ile ya kusema kesho kuna mvua, kisha akaongeza kwamba watu wake walipigana na Waingereza juu ya ardhi hiyo hiyo zamani kabla ya pigano la Gallipoli, Uturuki, la mwaka 1915, na kwamba minara ya vita hivyo bado ni ya kutafuta kwa tochi.

Kisha kulikuwa na Bibi wa Kiukraine aliyeficha mkate ndani ya foronya. Alifika mwaka 1949 kupitia kambi ya Bonegilla, kaskazini mwa jimbo, iliyopokea wahamiaji zaidi ya 300,000 kati ya 1947 na 1971. Vita ndivyo vilivyomleta kwa njia mbili: vilimfukuza kwao, na vilevile viliitia hofu Australia, ambayo mwaka 1942 ilishambuliwa kwa mabomu mjini Darwin na kwa nyambizi ndogo ndani ya bandari ya Sydney, ikaamua kwamba nchi yenye watu milioni saba haiwezi kujilinda, ikafungua milango kwa Wazungu wasio Waingereza ili ijaze watu. Waafrika na Waasia walisubiri nje miaka mingine zaidi ya ishirini. Ugonjwa wa kusahau ulipomvamia Bibi huyu, Kiingereza kilimtoka chote, akabaki na lugha ya utotoni na njaa ya utotoni. Nilikuwa nikibadilisha foronya, natupa mkate mkavu, naweka vipande viwili vibichi mahali pale pale. Mkaguzi mmoja alinikaripia kwa habari ya panya, naye alikuwa na haki yake, lakini niliendelea.

Mtunza bustani wetu, mtu wa miaka sitini na kitu, alikula chakula chake cha mchana ameegemea ukuta, uso mlangoni, siku zote kiti kile kile. Alikwenda Vietnam kwa bahati nasibu. Kuanzia mwaka 1965 serikali ilizungusha ndani ya pipa vigololi vilivyowakilisha tarehe za kuzaliwa, na vijana wa miaka ishirini ambao tarehe yao ilitoka wakaitwa jeshini. Waaustralia wapatao 60,000 walitumikia katika vita hivyo na zaidi ya 500 walikufa. Waliorudi walikuta nchi imegawanyika kuhusu vita vyenyewe. Yeye alivua sare kwenye choo cha uwanja wa ndege. Maandamano ya kuwakaribisha nyumbani yalifanyika Sydney tarehe 3 Oktoba 1987, na alikwenda, akalia, akarudi, na mke wake akawa ameshaondoka. Muuguzi mwenzetu aliyekuja toka Vietnam akiwa mtoto, kwa mashua, alikuwa akimwekea chai kila siku saa nne. Sikuwahi kuwasikia wakitaja vita. Walizungumza nyanya na wadudu wa nyanya.

Mwanawe mtunza bustani alikwenda Afghanistan. Katika vita vile virefu vya miaka ishirini Australia ilipoteza askari 41, na majina yao yako ukutani Canberra. Septemba 2024 tume ya kifalme iliyochunguza kujiua kwa wanajeshi na waliostaafu ilitoa ripoti yake ya mwisho, ikaeleza kwamba kati ya 1997 na 2021 watu wasiopungua 1,677 waliokuwa wametumikia jeshi tangu 1985 walijiua. Wapo miongoni mwao ambao hawakuwahi kupelekwa vitani, na tume ililaumu pia mambo ya ndani ya jeshi lenyewe, kwa hiyo sifanyi hesabu ya moja kwa moja. Lakini niliposoma namba hizo mbili nilimkumbuka mtu anayekula ameegemea ukuta, na nikampigia simu kijana wake.

Alfajiri ya tarehe 25 Aprili, ambayo ni siku ya kukumbuka kutua kwa jeshi la Australia na Nyuzilandi katika rasi ya Gallipoli mwaka 1915, mji mzima hukusanyika gizani. Mara ya kwanza nilikwenda nikiwa na shaka, kwa sababu nilidhani nitasikia kusifiwa kwa vita. Nikakuta watu wanakumbuka kushindwa: pigano la miezi minane, Waaustralia zaidi ya 8,000 waliokufa, na jeshi likaondoka usiku kwa siri. Tarumbeta ilipigwa, kimya kikatanda, mtoto mchanga akalia. Bado nina mashaka na hotuba, hasa za wanasiasa, ambazo hukifanya kifo cha kijana wa miaka kumi na tisa kionekane kama uwekezaji uliozaa taifa. Kile kimya ndicho ninachokiamini.

Babu hakuwahi kuhudhuria alfajiri hizo. Lakini mwaka 2010 aliomba mwenyewe apelekwe kwenye mnara wa mateka wa vita karibu na bustani ya Ballarat, ukuta mrefu wa mawe meusi uliozinduliwa mwaka 2004, wenye majina ya Waaustralia zaidi ya 35,000 waliowahi kutekwa vitani. Nilimsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu taratibu, akisoma. Akasimamisha kiti mara nne, kila mara akaweka kiganja juu ya jina, akakiacha hapo muda. Kisha akafika kwenye jina lake mwenyewe, maana ukuta ule umeandika hata waliorudi. Akacheka mpaka akakohoa. «Wamenichonga,» akasema, «na bado nakula uji wenu.»

Alifariki Julai 2011, akiwa na miaka 90. Kwa kuwa alikuwa mateka, mke wake aliandikwa mjane wa vita na kupewa pensheni ya wajane wa vita, miaka 66 baada ya vita kwisha. Aliniletea barua hiyo niisome, ingawa macho yake yalikuwa mazima. Hakusema chochote, aliikunja katika nne, akaitia mkobani chini ya uzi.

Mwezi wa Novemba binti yao alinipigia simu akaniomba nimfundishe kupika pilau. Alikuja kwangu Jumamosi, amevaa aproni mpya. Nilimwonyesha kuosha mchele mpaka maji yatakate, na aliuosha kwa muda mrefu kupita inavyohitajika, akiupitisha kati ya vidole. Alikula sahani mbili. Nikamfungia uliobaki kwenye bakuli la plastiki, akaliweka juu ya mapaja yake ndani ya gari, akawasha injini, akakaa. Halafu akashusha kioo, akanirudishia bakuli likiwa bado la moto.

«Mama yuko nyumbani,» akasema.